Kuendesha baiskeli usiku Nairobi: anza na taa ya nyuma

Hapa Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na huku karibu na ikweta giza halipigi hodi, ikifika saa moja ni usiku kabisa. Sasa kama unatoka kazi Industrial Area saa kumi na mbili unaelekea Umoja kama mimi, ukazane usikazane, nusu ya safari utaimalizia gizani. Kwa hivyo kabla hujafikiria siti mpya au kengele, nunua taa.

Wengi wananunua ya mbele kwanza, mi nasema anza na ya nyuma. Shimo la mbele ukienda polepole unaweza kulikwepa, lakini gari linalokuja nyuma hulioni, unategemea dereva akuone yeye, na gari likienda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Akikuona ukiwa mita 30 tu ana kama sekunde mbili akutambue, aamue, akuhepe, na hapo labda jicho liko kwa simu. Akikuona ukiwa mbali anahama mapema, unasikia kabisa mngurumo umesonga kulia, na ule woga wa mgongoni unapungua. Mimi nilianza kutulia barabarani siku nilipoanza kusikia hivyo.

Lakini kuwa na taa na kuonekana ni vitu viwili. Siku moja ya mvua ya Aprili nilifika kwetu nikakuta mlinzi wa geti ananiangalia vibaya, akaniuliza, “Kijana, umetoka tao bila taa?” Nikashuka nikaangalia. Taa ilikuwa inawaka vizuri tu, ila koti la mvua lilikuwa limeifunika yote, wekundu kidogo ndio ulikuwa unachungulia kwa mshono. Jogoo Road yote nilikuwa nimekuja hivyo, na malori nyuma! Usiku huo sikulala vizuri. Siku hizi taa yangu inakaa chini ya karia, nimeifunga na mpira wa tyubu kuukuu kwa sababu kile kishikio chake cha plastiki kilikatika, na huo mpira hautelezi hata ukilowa.

Wewe pia jaribu hivi: chukua koti na begi lako la kila siku, mpe mtu wa kimo chako avae hizo vitu akalie baiskeli, wewe rudi nyuma hatua kama 50. Chuchumaa kidogo, macho yawe pale yanapokuwa ya dereva wa gari ndogo. Kama taa inamulika mbingu au lami, irekebishe mpaka ikutazame wewe usoni.

Ile ya kumetameta inavuta macho haraka, lakini ikiwa peke yake dereva hajui uko mbali kiasi gani, so kama unaweza weka mbili nyuma, moja imetulia na moja inametameta. Ukiwa na moja tu iache imetulia. Ya mbele iwe nyeupe na imetulia, tafadhali, usiku kumetameta kwa mbele kunamuumiza anayekuja, na uiinamishe kidogo ianguke barabarani. Penye taa za barabarani lumeni 200 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) zinatosha uonekane, lakini pale nguzo zimezima utataka kama 400 na zaidi. Na usiende mbio kuliko taa yako: kwa kilomita 20 kwa saa unapita mita tano na nusu kila sekunde, sasa kama mwanga unafika mita kumi tu, mtaro usio na kifuniko utauona ukiwa umeshaingia. Mvua ikinyesha punguza tena, breki zikilowa zinachelewa kushika na dimbwi halikuambii lina kina gani.

Reflekta ya kifuani vaa, sikatai, ila inang'aa tu ikimulikwa, na hapa kila mtu wa nduthi, yaani pikipiki, anayo. Dereva akiiona peke yake anaweza kudhani wewe ni nduthi unaenda na mwendo wa nduthi. Zile ndogo za kufunga kwa kifundo cha mguu, au za kwa pedali, mi nazipenda zaidi, zinapanda na kushuka, na mtu akiona hivyo anajua hapo kuna binadamu anakanyaga.

Barabarani usijibane ukingoni kabisa. Acha kama mita moja, huko pembeni ndiko kuna mchanga, chupa zilizovunjika na mashimo, na ukiyakwepa ghafla unaingia mbele ya gari. Karibu na steji punguza mwendo, matatu inaingia bila indiketa na kondakta ameshuka kabla haijasimama. Barabara ya Outering ina njia ya pembeni ya baiskeli na waenda kwa miguu, itumie, lakini huko napo unakutana na nduthi zinakuja upande usio wao, nyingine hazina taa kabisa, kwa hivyo kengele iwe karibu na kidole.

Chaji ndiyo inaangusha watu wengi. Stima inapotea jioni, asubuhi unatoka bila kuangalia, usiku taa inakufa ukiwa Makadara. Beba taa ndogo ya akiba ya betri za kawaida kwa begi, na uhakikishe kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji la taa kubwa kimefungwa vizuri, maji yakiingia hapo taa imeisha. Ukiegesha dukani toa taa uende nazo hata kama ni dakika mbili, zinabebwa haraka. Na ukifika nyumbani zichomeke kwa chaji kabla hujavua viatu.