Kuendesha seva ya barua pepe pale kila idara inapotaka ruhusa yake

Mkurugenzi anataka sanduku lisilo na kikomo, mauzo wanataka viambatisho vikubwa, mhasibu hataki kubadili nywila. Kila ombi ni dogo likiwa peke yake. Yakirundikwa kwenye main.cf (faili la mipangilio la Postfix, programu inayoendesha seva ya barua pepe) bila maelezo, baada ya mwaka hakuna anayejua mstari upi uliwekwa kwa ajili ya nani, wala anayethubutu kuufuta.

Kwa hiyo anza na daftari la ruhusa maalumu kabla ya kugusa mipangilio: nani ameomba, nani ameidhinisha, mstari gani umebadilika, na lini utapitiwa upya. Ombi la mdomo lililotolewa koridoni lijibiwe kwa barua pepe siku hiyo hiyo: "Umeomba hiki, nitakifanya Ijumaa, kitadumu hadi tarehe hii." Folda ya /etc/postfix nayo iweke kwenye Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili.

Viambatisho

Ugomvi mwingi huanzia hapa. Postfix huja na message_size_limit (kikomo cha ukubwa wa barua moja) ya baiti 10240000, yaani kama MB 10. Mtu anatuma faili la MB 8, linakataliwa, anaona ameonewa. Kumbe kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi kwa mfumo wa base64, na base64 huongeza ukubwa kwa zaidi ya theluthi: zile MB 8 zinaifikia seva zikiwa karibu MB 11. Ukitaka kuruhusu viambatisho vya MB 25:

postconf -e 'message_size_limit = 36000000'
postfix reload

Usipandishe zaidi bila kuangalia mailbox_size_limit (kikomo cha ukubwa wa sanduku la ndani), ambayo kwa kawaida ni 51200000. Ikiwa ndogo kuliko message_size_limit, Postfix huliona hilo kuwa kosa la mpangilio, na barua za masanduku ya ndani hukwama kwenye foleni. Mkuu anayedai MB 100 aelezwe pia kwamba seva ya mpokeaji ina kikomo chake, nasi hatuna mamlaka nacho. Mpe folda ya pamoja na kiungo cha kupakulia. Shida yake itakwisha bila kubadili chochote kwenye seva.

Idara ya masoko na jina la kikoa

Hapa usilegeze hata kidogo. Matangazo ya wingi yakitoka kwenye kikoa kile kile cha ankara na mikataba, malalamiko ya wapokeaji yatazifuata ankara hadi kwenye folda ya taka. Wape kikoa kidogo chao, mfano habari.kampuni.example, chenye SPF yake (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa), ufunguo wake wa DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua) na, ikiwezekana, anwani yake ya IP. Tangu Februari 2024, Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wawe na SPF, DKIM na DMARC (agizo kwa wapokeaji kuhusu barua zisizopita ukaguzi huo). Sharti hilo litaje kikaoni. Ni rahisi zaidi kukubaliwa kuliko maoni ya fundi.

Kosa linalorudiwa sana ni hili: idara mbili zimenunua huduma mbili za kutuma barua, kila moja ikaleta mstari wake wa SPF, na anayeshika DNS (mfumo wa rekodi za kikoa) akaibandika yote miwili. Kikoa kinatakiwa kiwe na rekodi moja tu inayoanza na v=spf1. Zikiwa mbili, ukaguzi unaishia kwenye permerror (kosa la kudumu) na hakuna idara inayonufaika. Ziunganishe ziwe rekodi moja, kisha hesabu: vipengele vya include, a, mx na redirect ndani ya rekodi hiyo, pamoja na zilizomo ndani ya kila include, zisizidi maulizo 10 ya DNS.

Kwa DMARC, anza na p=none (barua zisizuiwe) pamoja na rua (anwani ya kupokelea ripoti), usome ripoti kwa wiki kadhaa. Zitakuonyesha mifumo inayotuma kwa jina lenu ambayo hukuwahi kuambiwa. Kaa na wenye mifumo hiyo kwanza, ndipo uende quarantine (barua zisizopita ziende kwenye taka).

Bosi akitaka kusoma sanduku la mtu

Usitoe nywila, na usiibadilishe ili umpe mwingine. Akishaingia mtu wa pili, haitawezekana tena kuthibitisha nani aliandika barua ipi. Dai idhini ya maandishi ya utumishi na mwanasheria, inayotaja sanduku na tarehe. Kisha toa nakala kwa doveadm backup (amri ya Dovecot, programu inayotunza masanduku), uwakabidhi waliotajwa tu.

Kuhama seva pale "hakuna kuzima hata dakika"

Seva zinazotuma hujaribu tena zisipopata jibu. Postfix yenyewe hushikilia barua siku 5. Saa mbili za kuzima hazipotezi barua zinazoingia, ila watu hawatafungua masanduku yao. Mwambie hivyo mwenye uamuzi, naye achague saa.

Ikiwa TTL (sekunde ambazo rekodi ya DNS hukumbukwa) ya MX (rekodi inayotaja seva ya kupokea barua) ni 86400, ishushe hadi 300 siku mbili kabla. Kwenye seva mpya weka soft_bounce = yes, ili kosa la mpangilio litoe jibu la muda badala ya 550 ya kukataa moja kwa moja. Fuatilia foleni kwa postqueue -p. Mambo yakitulia, rudisha soft_bounce kuwa no siku hiyo hiyo. Ukiisahau, barua zenye anwani iliyokosewa zitazunguka kwenye foleni siku zote 5, na aliyezituma atadhani zimefika.