Mtoto wako anaogelea poa? Hivi ndivyo unamtoa kwa bwawa la hoteli hadi mashindano ya ukweli

Wazazi wa Nairobi tunajijua, mtoto akivuka tu bwawa la hoteli Jumapili bila kushika ukingo tushaanza kumuita bingwa. Si vibaya, lakini kuogelea na kushindana ni vitu viwili tofauti, na ukitaka afike mbali shika hii kwanza: huku hatutafuti medali, tunatafuta taimu. Taimu imeandikwa, kwa bwawa la vipimo rasmi, na mwenye kushika saa si mjomba wake. Medali ya gala (mashindano ya kuogelea) ya shule inakaa sebuleni wageni waione, basi.

Kwa hivyo anza na kilabu, chenye kiko chini ya Kenya Aquatics (ile zamani tuliita Kenya Swimming Federation), juu mashindano ya kitaifa watu huingia kupitia kilabu. Kabla ulipe chochote enda ukae hapo jioni moja uangalie. Kocha anarekebisha mikono na miguu ama anapiga firimbi tu akicheki simu? Na angalia umri pia, ukiona watoto wa miaka minane wamejaa lakini wa miaka kumi na nne hawapo, jiulize hao walienda wapi.

Vifaa visikutishe. Kostiumu ya kubana, kofia, miwani ya majini miwili, narudia miwili, juu ule mpira hukatika dakika ile ile jina lake linaitwa. Zile suti za bei kali za mbio achana nazo kabisa mtoto akiwa mdogo, klorini itaimaliza na mtoto atakuwa ameshaikua. Pesa hiyo nunua marvin, sweta nzito na flaski ya uji, manake gala ya Julai hapa Nairobi mtoto anaogelea sekunde arobaini halafu anakaa na baridi lisaa lizima akingoja heti (kundi la mbio) ingine.

Siku ya gala yenyewe mwandike mkononi kwa maka: namba ya mbio, heti, leni. Usiseme atakumbuka, hatakumbuka, na wewe uko juu kwa viti na hakuna mtu atakuruhusu ushuke. Halafu hakikisha anajua sheria za ukuta kabla aende, juu hapo ndio machozi mengi hutoka. Kwa mitindo ya batafulai na breststroku lazima aguse kwa mikono miwili pamoja, mkono mmoja ukitangulia ameondolewa hata kama alikuwa mbele ya wote. Bakstroku amalize akiwa bado amelala chali. Kwa batafulai, bakstroku na fristaili, akishatoka ukutani kichwa kiwe kimetoka juu ya maji kufikia mita 15. Na akiruka kabla ya mlio hakuna kurudia, ameenda nyumbani. Mtoto akipata DQ (kuondolewa kwa mbio) usimgombeze hapo kando ya maji mbele ya watu, kocha atamueleza.

Ukuta si kitu kidogo. Cheki Jason Dunford, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi. Beijing 2008, heti za mita 100 batafulai, akagusa kwa 51.14, rekodi ya Olimpiki, na ni Mkenya. Haikudumu, juu kwa heti za nyuma yake Milorad Čavić wa Serbia akaogelea 50.76. Fainali ikafika, Dunford akamaliza wa tano, na Michael Phelps akamshinda Čavić 50.58 kwa 50.59. Čavić alikuja ukutani akiteleza na mikono imenyooka, Phelps akaongeza nusu pigo akafika kwanza. Sehemu moja ya mia ya sekunde! Sasa kocha akimrudisha mtoto wako kugusa ukuta mara ishirini usilalamike ati unalipia nini. Dunford mwenyewe mwaka wa 2010 alichukua dhahabu ya mita 50 batafulai Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi (baadaye akageuka msanii, anajiita Samaki Mkuu, jina halikumpotea). Hiyo mita 50 haikuwa kwa Olimpiki wakati huo lakini Los Angeles 2028 itakuwako, pamoja na mita 50 bakstroku na breststroku, kwa hivyo kama wako ni wa mbio fupi usimlazimishe mita 200 juu ya Olimpiki.

Kitu ingine wazazi hawaambiwi mapema ni urefu wa bwawa. Mabwawa mengi hapa mjini ni mita 25 ama chini ya hapo, na taimu ya mita 25 huwa ya haraka zaidi juu ukigeuka unajisukuma na ukuta. Taimu ya kufuzu Olimpiki inahesabiwa kwa mita 50 pekee, na hapo ndio bwawa la Kasarani linaingia, kwa hivyo panga aanze kuzoea hiyo mita 50 mapema hata kama jamu ya Thika Road itakutoa roho. Pia Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka bahari, mbio ndefu hewa inakuwa chache, kwa hivyo mashindano yakiwa Mombasa usiseme ni mbali, mpeleke, huko ndio anaweza kushusha taimu.

Olimpiki yenyewe kuna njia mbili, ufikishe taimu ya kufuzu ama upate ile nafasi nchi isiyo na aliyefuzu hupewa, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Kenya ilikuwa na wawili Tokyo na wawili Paris.

Lakini kwa wengi wetu mlango wa karibu ni skolashipu ya chuo Marekani. Dunford na mdogo wake David waliogelea Stanford. Akifika kidato cha tatu, aandike imeili kwa kocha wa chuo yeye mwenyewe, si wewe: mwaka atamaliza shule, gredi zake, mbio zake na taimu bora, na kila taimu aandike kama ni bwawa la mita 25 ama 50 na tarehe ya shindano. Vyuo vya huko huogelea kwa bwawa la yadi, si mita, lakini asijigeuzie hesabu, kocha atafanya mwenyewe. Video iwe fupi, ionyeshe kuruka, kugeuka na kugusa ukuta, na muziki usiweke.