Andika wasifu wa babu yako aliyepigana Kagera angali hai

Wasifu wa marehemu mara nyingi huandikwa usiku wa msiba. Mmoja anashika kalamu, mashangazi na baba wakubwa wanabishana kuhusu mwaka wa kuzaliwa, na kesho yake kinasomwa kipande cha karatasi: alizaliwa, alisoma, alilitumikia jeshi, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Sikutaka babu yangu aagwe hivyo. Nilianza kuandika wake miaka miwili kabla hajafariki. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyekwenda Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin vya 1978 na 1979, jua kwamba hata waliokwenda wakiwa vijana kabisa sasa wamevuka sitini. Anza mwezi huu.

Usianze kwa kuuliza vita. Mimi nilikosea hapo. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikakaa, nikauliza, "Babu, vita vilikuwaje?" Akajibu, "Vita ni vita, mjukuu wangu," akageukia redio yake. Wiki iliyofuata nilimkuta anaosha miguu, nikaona kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Nikauliza kucha ilikwenda wapi. Akaongea karibu saa nzima: kinamasi cha Lukaya kule Uganda, buti zilizokaa na maji siku kadhaa, soksi alizozifunga kiunoni ndani ya shati zikaushwe na joto la mwili, na mwenzake wa Songea aliyemkata ile kucha kwa wembe huku akimsimulia habari za nyumbani kwao ili asiangalie. Tangu siku ile maswali yangu yakawa ya namna hiyo. Mlilala juu ya nini? Nani alikuwa anakoroma? Mfukoni ulibeba kitu gani kutoka nyumbani? Mzee akikumbuka kitu kilichogusa mwili wake, mengine yanafuata yenyewe.

Rekodi kwa simu, lakini mwombe ruhusa kwanza, uiweke mezani anapoiona. Taja tarehe mwanzoni mwa kila rekodi. Nusu saa inatosha. Akianza kurudia sentensi, amechoka. Usiku huohuo mtumie binamu nakala, maana simu huibiwa na huanguka majini.

Miaka itakusumbua. Wazee wengi hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio, kwa hiyo andaa matukio: Uhuru, 9 Desemba 1961. Muungano, 26 Aprili 1964. Kuanzishwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), 1 Septemba mwaka huohuo, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari. Azimio la Arusha, 1967. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984. Muulize, "Sokoine alipofariki, ulikuwa umeshastaafu?" Babu hakuujua mwaka alioingia jeshini, ila alijua kuwa Azimio lilimkuta ana miezi michache kambini. Mwaka wa kuzaliwa hatukuupata: karatasi moja ilisema 1940, nyingine 1943. Tuliandika "mwanzoni mwa miaka ya 1940". Msichague mwaka kwa sababu tu unapendeza.

Kisha fungua sanduku. Piga picha kila karatasi karibu na dirisha, mchana, bila flashi, mbele na nyuma. Picha za zamani ziandikwe majina kwa nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya ukatokea usoni. Nishani usizisugue ziwake. Kila unaposugua unafuta alama zake kidogo kidogo.

Karatasi zilitusahihisha sisi wenyewe. Familia nzima iliamini kwamba vita viliisha Kampala ilipotekwa Aprili 1979, na kwamba Babu alirudi mwaka ule. Kumbe vikosi vyetu viliendelea hadi mpaka wa kaskazini wa Uganda, wakafika huko Juni, na baadhi wakabaki nchini humo mpaka 1981. Babu alikuwa miongoni mwao. Shangazi yangu, aliyezaliwa 1978, akaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini kumbukumbu yake ya awali kabisa ni mwanamume mgeni mlangoni na yeye mwenyewe kujificha nyuma ya kanga ya mama yake.

Ndiyo maana lazima umhoji na bibi, peke yake, mzee akiwa hayupo. Hapa usiwe na haraka. Bibi alikumbuka alikokuwa amesimama Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Alisimama na ndoo kichwani, hakuitua mpaka hotuba ikaisha. Alikumbuka barua mbili tu kwa muda wote ule. Alikumbuka pia alivyolala Babu mwaka wa kwanza baada ya kurudi: sakafuni, mgongo ukutani, viatu karibu na mkono. Babu hakuwahi kutuambia hilo. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuliandika, akakaa kimya, kisha akasema, "Andika. Bibi yako hasemi uongo."

Kuna mambo atayakataa. Uliza mara moja kwa adabu, akinyamaza achana nayo, na usijaze pengo kwa hadithi za kambi ulizosikia kwingine. Waliokufa alionao moyoni, mwombe majina yao ikiwa anaweza kuyatamka. Wengi wa waliokufa vitani walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Babu alikuwa anazima redio baada ya maombi, anakaa nje peke yake.

Ukimaliza, msomee yote kwa sauti. Usiruke hatua hii. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba alitembea kwa miguu kutoka Mutukula, mpakani, hadi Kampala. Akanyoosha mkono, akanisimamisha.

"Futa hapo. Kuna kipande tulipanda lori."

"Kirefu, Babu?"

"Si kirefu. Lakini tulipanda."

Sentensi ya lori tuliiweka, na ndivyo ilivyosomwa kaburini.