Kusoma bawa la ndege anayebadili manyoya: anza na mtetea wa bandani

Usianzie na darubini kwenye bwawa la Hombolo, karibu na Dodoma. Anzia bandani, kwa mtetea wa kienyeji aliyemaliza kulea vifaranga na sasa anaonekana kachakaa. Mchukue alfajiri, kabla hajashuka kwenye kichanja. Mbane ubavuni ili bawa moja lisipige, kisha fungua lile jingine taratibu hadi linyooke kabisa.

Katikati ya bawa kuna unyoya mmoja mfupi kuliko majirani zake. Huo ndio alama yako. Kuanzia hapo kwenda nje hesabu manyoya makuu 10: namba 1 ni ule unaopakana na mfupi, namba 10 uko ukingoni. Namba 1 hudondoka kwanza, namba 10 mwisho. Unyoya mpya utautambua kwa shina lake laini lenye rangi ya bluu, kwa kuwa bado limejaa damu, na kwa ala nyeupe inayopukutika kama ukoko ukiisugua. Usiuvute wala kuukata. Utavuja damu nyingi. Wanaokata bawa moja ili kuku asiruke ua wasubiri mashina yakauke. Unyoya uliokatwa haukui tena mpaka kisiki chake kidondoke kwa zamu yake, lakini uliong'olewa mzima huanza kuchipua upya mara moja.

Unyoya mkuu wa kuku huchukua takriban wiki 6 kukua. Mtetea anayeangusha mmoja kila wiki 2 atafika namba 10 wiki ya 18, na bawa litakamilika wiki ya 24. Muda wote huo hatagi, au anataga kwa kusuasua. Mtagaji mzuri huangusha mawili au matatu kwa pamoja. Kwa hiyo ukikuta manyoya matatu machanga yenye urefu sawa, huyo usimpeleke mnadani. Ukikuta yamepangana kama ngazi, fikiria upya.

Vitabu vingi vya ufugaji husema kuku hubadili manyoya siku zinapofupika. Hilo ni la nchi za mbali na ikweta. Dodoma tofauti ya siku ndefu na fupi ni kama dakika 40 tu, kwa hiyo angalia zaidi kuatamia, njaa na kukosa maji. Na kama ngozi iko wazi bila kichipukizi hata kimoja, tafuta utitiri, chawa, au kuku wanaodonoana.

Chakula nacho kina neno lake. Unyoya karibu wote ni protini, tena ya aina inayodai vijenzi vya protini vyenye salfa, kama methionini. Pumba peke yake haitoshi. Mashudu ya alizeti yana methionini ya kutosha ila yamepungukiwa lisini, kijenzi kingine cha protini, ndiyo maana dagaa kidogo huleta tofauti. Upungufu huacha alama: elekeza unyoya kwenye mwanga na utaona mstari mwembamba unaopenya mwanga, ukikata bapa, yaani sehemu pana ya unyoya, kwa upana. Siku hiyo ndege alipata njaa au mshtuko, na hapo ndipo utakapovunjika. Kwa kifaranga mstari huo hukaa usawa mmoja kwenye manyoya jirani, kwani yote yalikua pamoja.

Ukishazoea, tazama juu. Pengo likiwa mahali pamoja kwenye mabawa yote mawili, ndege anabadili manyoya. Mwili hutoa kwa jozi ili asipepesuke. Pengo la upande mmoja ni ajali. Unyoya uliookotwa ukiwa na kitako kizima huenda umedondoka wenyewe; kitako kilichotafunwa ni kazi ya nguchiro au mnyama mwingine mla nyama. Palipopigwa dawa ya kuua kwelea kwelea, ndege wanaoharibu nafaka, usiokote chochote.

Bata wa porini huangusha manyoya yote ya kurukia kwa mpigo na kujificha kwenye matete wiki kadhaa bila kuruka. Mbayuwayu wa Ulaya hana nafasi hiyo, kwani hula akiwa hewani. Huyu mwenye koo jekundu na mkanda mweusi kifuani huzaa kaskazini, akaja kubadilia manyoya Afrika, na bawa humchukua miezi minne au zaidi, jozi moja baada ya nyingine. Mtafute kwenye nyaya za umeme asubuhi, upepo haujaanza. Desemba na Januari pengo huwa katikati ya bawa. Kufikia Machi unyoya wa ukingoni ndio unaomalizia kukua, na ukimwona bado ana mkia mfupi usio na nyuzi ndefu, huenda ni kinda wa mwaka uliopita ambaye hajamaliza.