Namna ya kulifundisha neno la Kiingereza "tea"

Kwa wanafunzi wa Mufindi au Tukuyu, kunakolimwa chai Tanzania, anzia shambani: mche, majani makavu na kilichomo kikombeni, vyote ni tea. Maana ya nne ndiyo huwaangusha wengi. Kwa Waingereza wengi, hasa wa kaskazini, tea ni mlo wa jioni. Anayeuliza kuna nini kwa tea anataka kusikia viazi na nyama.

Kisha fuata asili. Kihokkien, lugha ya Kichina ya jimbo la Fujian, husema te. Waholanzi walilichukua kwa meli, wakaandika thee; Waingereza wakalipokea karne ya 17, na zamani wengi walilitamka "tei". Chai yetu ni ndugu yake, ila ilipitia Uajemi. Usidanganywe na sauti: tee ya gofu, kijiti cha kuwekea mpira, haimo katika ukoo huu.