Jinsi ya kusoma chapa ya usajili kwenye silaha kongwe ya Ireland

Bastola ya kale ya Ireland ikifika mezani, macho ya wengi hukimbilia jina la fundi, kwa sababu limechorwa kwa madoido. Mimi huanza na herufi chache na namba zilizogongwa kombokombo, kana kwamba aliyezigonga alikuwa na foleni mlangoni. Hiyo ndiyo chapa ya usajili, alama ya serikali kwamba silaha imeandikishwa. Wauzaji wengi huiita namba ya kiwandani, na hapo ndipo umri na asili ya silaha vinapoharibika kwenye maelezo.

Hatua ya 1: Hakikisha haijashindiliwa

Usiruke hatua hii hata kama silaha imetundikwa ukutani tangu enzi za babu. Gobore halifunguki nyuma ukaona kilichomo, na baruti kavu hukaa miaka mingi bila kupoteza makali yake. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, toa fataki (kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti) kama ipo. Chukua kijiti cha mbao, si mdeki wa chuma, ukisukume taratibu ndani ya mtutu mpaka kigote. Kibane kwa kidole gumba pale mdomoni, kitoe, kisha ukilaze kwa nje sambamba na mtutu, kidole kikiwa usawa wa mdomo. Ncha inatakiwa ifike karibu na tundu la moto, pale cheche huingilia kwenye baruti. Ikiishia vidole viwili kabla ya hapo, kuna kitu ndani: iweke chini, muite fundi mwenye leseni. Na kibali cha kuwa nayo ni juu yako. Sheria za silaha kongwe hutofautiana nchi na nchi.

Hatua ya 2: Itafute chapa

Kagua juu na ubavuni mwa mtutu, kikingio cha kifyatulio, na bamba la kitako. Zima taa ya juu, washa tochi ya pembeni ili mwanga ulale. Michoro hafifu itatoa vivuli. Ikiwa bado haisomeki, pakaza unga kidogo wa chaki kwa kidole, futa juu juu. Msasa na brashi ya waya viache kabisa. Nimeona chapa zilizosuguliwa zikabaki nusu namba.

Hatua ya 3: Itenge na alama nyingine

Herufi zenye taji juu yake kwa kawaida ni alama za majaribio ya mtutu, zilizogongwa London au Birmingham. Kwa hiyo silaha yenye jina la Dublin na alama za Birmingham si lazima iwe bandia. Mafundi wakubwa pia walikuwa na namba zao: Rigby wa Dublin aliweka namba za mfululizo kwenye kazi zake, kwa hiyo bastola moja yaweza kuwa na namba mbili zisizohusiana. Chapa ya usajili utaitambua kwa muundo wake: kifupisho cha kaunti, pengine na herufi ya ziada, kisha namba.

Hatua ya 4: Soma kaunti

Hapa nenda polepole. Ireland ilikuwa na kaunti 32 na majina yake yanagongana. Tano zinaanza na L: Leitrim, Limerick, Londonderry, Longford na Louth. K ziko nne, W nne, C nne. Kifupisho TY ndicho mtego mkubwa: Tyrone inaanza hivyo, lakini Tipperary nayo inaanza na T na kuishia na Y. Usikate shauri kwa kubahatisha. Linganisha na silaha nyingine ambazo historia yake inajulikana. Tumia ramani ya zama zile pia, maana King's County leo ni Offaly na Queen's County ni Laois.

Hatua ya 5: Ipe tarehe, lakini kwa adabu

Chapa hizi zinatokana na sheria ya silaha ya Ireland ya mwaka 1843. Mwaka huo mwanasiasa wa Ireland Daniel O'Connell alikuwa akikusanya umati mkubwa kudai Ireland ivunje muungano na Uingereza, na serikali ya Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza, ilitaka kujua nani ana bunduki. Mmiliki alitakiwa kupata leseni, na silaha yake kugongwa chapa. Iliyogongwa ni silaha aliyokuwa nayo, hata ya kurithi. Ndiyo maana gumegume (silaha ya kuwashwa kwa jiwe) la miaka ya 1790 linaweza kubeba chapa ya 1843 au baadaye. Chapa inakuambia silaha ilisajiliwa wapi. Ilitengenezwa lini, uliza mtambo wa kufyatulia, mtutu na alama za majaribio.

Jina la mmiliki ni bahati nasibu. Kumbukumbu nyingi za serikali ziliteketea katika jengo la mahakama la Four Courts, Dublin, mwaka 1922, kwa hiyo muuzaji akikupa jina kamili, mwambie akuonyeshe karatasi.

Hatua ya 6: Andika unachokiona

Nakili kila herufi, nukta na kistari kama vilivyo. Pasiposomeka weka alama ya kuuliza. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Kisha andika mathalani: "Bastola ya fataki, jina la fundi wa Dublin kwenye mtambo, alama za majaribio za Birmingham chini ya mtutu, chapa ya usajili wa Ireland juu ya mtutu, 1843 au baadaye, kaunti haijathibitishwa."