Watu wakianza kusema "ajiuzulu", wewe fanya hivi

Uganda yetu hii imetuchosha, nasema ukweli. Kila mwaka skendo mpya, tunapiga kelele "ajiuzulu ajiuzulu" wiki mbili hivi kwenye simu halafu inakuja ingine, na ile ya kwanza hakuna anayeiuliza tena. Huku Busia vijana wengi hata redio wameacha, ukiwauliza wanakwambia hao wote ni wamoja, tafuta pesa yako ule. Nawaelewa kabisa. Lakini inayoliwa ni pesa yetu na zinazokosekana hospitali ni dawa zetu, kwa hiyo mi siachi, ila naona tunadai vibaya na hao wakubwa wameshatuzoea.

Kitu cha kwanza, jua huyo mtu anatolewa kwa njia gani, maana si wote wanatoka kwa mlango mmoja. Waziri ameteuliwa na rais na rais anaweza kumtoa saa yoyote. Bunge nalo linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani naye, ibara ya 118 ya katiba: inaanza na barua kwa rais kupitia kwa spika, yenye saini za wabunge si chini ya theluthi moja, halafu lazima siku 30 zipite ndo wajadili, halafu zaidi ya nusu ya wabunge wote wamkatae. Spika kutoka ni kazi kubwa zaidi, ni theluthi mbili ya wabunge wote. Na mbunge wako wewe mwenyewe? Hapo wengi hawajui, ile haki ya kumrudisha nyumbani kabla ya uchaguzi imo kwenye katiba lakini ilibaki ya mfumo wa Movement tu, ule wa zamani wa bila vyama, kwenye vyama vingi haifanyi kazi. Kwa hiyo ukiona mtu anakusanya saini kijijini ati za kumtoa MP, mwambie polepole kwamba anachosha watu bure, hizo nguvu azipeleke kwingine.

Nguvu zenyewe peleka kwenye zile saini za theluthi moja ya wabunge. Mwaka 2024 karatasi za matumizi ya bunge zilipotoka mitandaoni, tuliona shilingi bilioni 1.7 walizopewa makamishna wanne wa bunge, yaani wabunge wanaosimamia uendeshaji wake, ati zawadi ya utumishi, Mathias Mpuuga milioni 500 na wale watatu wa chama tawala NRM milioni 400 kila mmoja. Chama chake wakati ule, NUP cha upinzani, kikamwambia ajiuzulu, yeye akasema pesa ilipita kihalali na hatoki. Wabunge wakaanza kutafuta saini za kuwatoa hao makamishna, zilitakiwa 177. Sasa hapo ndo swali lako linaingia, na si swali la Mpuuga, ni la mbunge wako: mheshimiwa, wewe umeweka saini au hujaweka? Hilo tu. Muulize kwa meseji, muulize akija kwenye harambee ya kanisa, akija matangani subiri mazishi yaishe umsalimie vizuri umpe pole na safari, halafu uulize mbele ya wazee. Akisema nitaangalia, andika tarehe. Kumtukana mtu wa Kampala asiyekujua ni rahisi, ila huyu anahitaji kura yako, na kama anayetolewa ni waziri, zile siku 30 za kusubiri ndo za kumuuliza kila wiki kwa sababu ndo siku ambazo sisi huwa tunachoka.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. USIDAI KUJIUZULU PEKE YAKE. Mwaka 1998 bunge lilimkataa Jim Muhwezi, alikuwa waziri mdogo wa elimu ya msingi, 1999 likamkataa Sam Kutesa, na watu walishangilia kweli. Muhwezi akarudi 2001 akiwa waziri wa afya. Kutesa mwaka 2005 akawa waziri wa mambo ya nje, akakaa hapo mpaka 2021. Februari 2012 Syda Bumba na Khiddu Makubuya walijiuzulu kwa ile fidia ya bilioni 142 aliyolipwa mfanyabiashara Basajjabalaba, tukaona kumbe inawezekana, na mwaka huohuo ikalipuka ile ya Ofisi ya Waziri Mkuu, pesa za kuijenga upya kaskazini baada ya vita. Yaani mtu anatoka, kiti kinabaki na njia ya pesa inabaki vilevile, halafu sisi tunaenda kulala tukidhani tumeshinda.

Kwa hiyo ukiandika dai lako, hata kama ni kwa grupu la WhatsApp la mtaa, weka yote pamoja: atoke ofisini, pesa irudi, afunguliwe kesi, na akipatikana na hatia asishike ofisi ya umma, maana sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 inamfungia miaka 10. Mabati ya Karamoja, yale ya kusaidia maskini wa huko yakaishia kwa wakubwa, yalifika mahakamani kwa sababu mabati ni kitu cha kuhesabika, yalikuwa na chapa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, huwezi kusema ni ya duka. Aprili 2025 mahakama ya rushwa ikamhukumu Agnes Nandutu, aliyekuwa waziri mdogo wa Karamoja, miaka 4 jela, na mbele ya jaji kelele zetu peke yake zisingetosha.

Kwa hiyo tafuta karatasi. Sheria ya kupata habari ya 2005 inakuruhusu kuomba nyaraka za ofisi ya serikali na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, huo muhuri usiusahau kabisa. Kama unafanya kazi ndani na umeona kitu, kuna sheria ya 2010 ya kulinda watoa taarifa, peleka kwa IGG, ile ofisi ya serikali ya kupambana na rushwa, au polisi, na pesa ikirudi sheria inakupa asilimia 5. Lakini usiiweke mtandaoni kwanza, ulinzi wa sheria hiyo unaenda na kupeleka mahali panapotambulika.

Na ujilinde, nawaomba sana. Usiandike "fulani ni mwizi" kabla mahakama haijasema, andika "karatasi hii inasema milioni kadhaa, zimeenda wapi?" Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ipo na watu wamelala ndani kwa posti moja. Julai 2024 vijana walitaka kutembea mpaka bungeni kupinga rushwa, wakakamatwa wengi, wengine wakapelekwa rumande. Ukiamua kwenda barabarani mwambie mtu wa nyumbani uko wapi na uwe na namba ya wakili kichwani, simu wanachukua.

Kama yote haya ni makubwa kwako, anza na wilaya. Mkaguzi Mkuu wa serikali anatoa ripoti kila mwaka kufikia 31 Desemba, na wilaya zimo humo. Januari tafuteni sehemu ya wilaya yenu, hata watu watano tu, msome kwa sauti, halafu muende kwa diwani na mwenyekiti wa LC5, yaani wa wilaya, na swali moja kutoka humo, lenye kiasi na jina la mradi.